Neno Nililolisema Dukani Busia

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nalitaja hili mwanzoni kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Kama ningekuwa mshonaji, au karani wa forodha, watu wangesema pole, hukujua. Mimi nilipaswa kujua. Nimefundisha habari za mkondo wa umeme kwa miaka mingi katika shule moja ya sekondari mjini Tororo, na nimewahi kumnyima mwanafunzi alama zote kwa kuandika jibu kabla hajafanya jaribio.

Nilizaliwa Busia, upande wa Kenya, nikaolewa Tororo na mwanamume wa kijiji cha Sop Sop anayefanya kazi katika kiwanda cha saruji. Likizo moja niliamua kuunda kompyuta ya nyumbani kwa mikono yangu, kipande kwa kipande. Nilihitaji mashine ya kutungia mitihani na ya kuonyeshea majaribio ambayo maabara yetu haina vifaa vyake.

"Si ununue tu iliyokwisha kuundwa?" mume wangu aliniuliza.

"Hizo ni za watu wasiojua kilichomo ndani," nikamjibu.

Nililisema hilo mbele ya walimu wenzangu pia, chumba cha walimu kikiwa kimejaa. Nikaongeza kwamba shule ikinunua kompyuta zake, kama ilivyokuwa imepanga, mimi ndiye nitakayewaambia pa kuzinunua. Mkuu wa shule alitikisa kichwa kukubali. Nilikuwa tayari nimempa jina na namba ya simu ya duka, nao walikuwa wameshazungumza.

Mwenye duka hilo tulikua mtaa mmoja huko Busia. Nyumba yao na yetu zilitenganishwa na ua wa michongoma tu. Alinizidi miaka minne au mitano, na mvua zilipojaza mfereji wa njia ya shule alikuwa akinibeba mgongoni kunivusha. Kwao ni Waislamu wa mjini, watu wa malori tangu babu yao, lakini yeye malori hakuyapenda. Alifungua duka la kompyuta na vipuri, umbali wa kutembea kutoka mpakani, na hadi leo ananiita dada. Au niseme, hadi likizo ile.

Alinichagulia vipande kwa subira. Akaniuliza kama ningependa aniundie palepale dukani, kazi ya saa mbili. Nikakataa, nikacheka, nikamwambia anifungie tu kwenye boksi.

Niliiunda Jumamosi asubuhi juu ya meza ya kulia, nikifuata video kwenye simu. Mama mkwe wangu alikuwa kwetu wakati huo. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho la kulia limefunikwa kwa bandeji, na la kushoto nalo lilikuwa halioni vizuri. Aliketi kwenye kiti chake karibu na mlango, nami nikawa namweleza kila nilichokishika kama niko darasani. Ubao huu mpana ndio mazabodi, mama, kila kitu kinachomekwa hapa. Hii ndogo ni prosesa, ndiyo ubongo. Vijiti hivi viwili ni memori. Alikuwa akiitikia, "Eee, eee," na kila baada ya muda akiinuka kwenda kuota jua barazani, kisha akirudi.

Mlango wetu wa mbele ni wa chuma. Bawaba zake zimelegea, hivyo ukitaka ufunge sawasawa lazima uuvute kwa nguvu, na ukiuvuta unagonga hadi vikombe vinalia kabatini.

Mashine iliwaka mara ya kwanza tu nilipobonyeza. Nilipiga kelele ya furaha. Mume wangu alinipiga picha nimesimama kando yake na bisibisi mkononi, nami nikaituma kwa walimu wenzangu.

Siku iliyofuata nilikuwa nachora mchoro wa saketi wakati skrini ilipozimika ghafla, ikawa nyeusi, kisha mashine ikajiwasha yenyewe kama vile mtu ameamka kutoka usingizini. Nikadhani ni umeme wa mjini. Alasiri ikazimika tena. Jumatatu ikazimika mara tatu, na mara moja ilitoa skrini ya buluu yenye maandishi meupe kabla ya kufa.

Nilinunua daftari. Nikaandika tarehe, saa, nilichokuwa nakifanya, joto la prosesa. Nilisanidi Windows upya. Nikaazima stebilaiza kwa jirani ili kuondoa shaka ya umeme. Nikaazima pawa saplai ya kompyuta ya shule, kile kisanduku kinachoigawia mashine umeme, nikaifunga, ikazimika vilevile. Nikaongeza feni. Nikachomoa kila waya na kuuchomeka tena. Nikaweka programu ya kupima memori kwenye flashi, nikaiacha ifanye kazi mchana kutwa. Mzunguko wa kwanza ukapita bila kosa, wa pili mashine ikafa katikati. Wiki nzima ilipita hivyo. Lilikuwa daftari zuri, lenye mistari iliyopigwa kwa rula.

Siku ya sita au ya saba, mume wangu akiwa mezani anakula, mashine ilizimika tena. Mama mkwe alikuwa ndiyo kwanza ameingia kutoka barazani.

"Mwanangu," akasema, "ile kitu nakufa kama mlango nagonga."

Kiswahili chake ni cha mpakani, alichokiokota akiuza karanga sokoni alipokuwa kijana. Nyumbani kwao wanazungumza Dhopadhola. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya mashine, jasho linanitoka, na sikugeuza hata kichwa.

"Mama, kompyuta si kuku," nikasema. "Haishtuki mlango ukigongwa."

Mume wangu alicheka. Alicheka hadi akapaliwa na chakula. Mimi nami nikacheka. Mama mkwe alipapasa kiti chake, akaketi, akageuzia uso wake dirishani.

Kesho yake alikwenda Sop Sop kwa siku mbili kuangalia shamba lake, maana ilikuwa wakati wa palizi. Siku hiyohiyo nilichomoa kijiti kimoja cha memori, nikabaki na kimoja. Kulikuwa na joto, nikauacha mlango wazi kutwa. Mashine haikuzimika siku ya kwanza. Haikuzimika siku ya pili. Mama aliporudi nikakirudisha kile kijiti nilichokichomoa, na kabla ya chakula cha mchana ikafa.

Nikaandika kwenye daftari kwa herufi kubwa: MEMORI NI MBOVU. Nikapigia mstari mara mbili. Nilikuwa nimebadilisha mambo mawili kwa wakati mmoja nikaona moja tu, kosa ambalo nalikosoa kwa wino mwekundu kila muhula.

Nilifika Busia saa nne hivi asubuhi, kijiti kikiwa kwenye bahasha. Njia nzima kutoka Tororo nilikuwa nayapanga maneno, na kadiri nilivyoyapanga ndivyo yalivyozidi ukali. Sikuwa na hasira ya memori tu. Nilikuwa na hasira ya ile picha niliyowatumia walimu, kwa sababu kila siku kulikuwa na mtu wa kuniuliza, "Mashine yako inaendeleaje?"

Dukani kulikuwa na watu. Mama mmoja alikuwa anatoa nakala za cheti cha kuzaliwa, na wakala wa forodha, mtu mnene mwenye miwani, alikuwa anasubiri karatasi zake zitoke kwenye printa.

"Umeniuzia kitu kibovu," nikasema hata kabla ya salamu.

"Karibu kwanza, dada. Keti."

"Sikuja kuketi."

Alikichukua kile kijiti, akakitazama pande zote, akakichomeka kwenye mashine yake ya majaribio. Tulisimama tukiitazama skrini. Dakika kumi na tano zilipita, na kila kitu kilikuwa salama.

"Dada, memori ni nzima," alisema kwa upole. "Huenda tatizo liko kwingine. Uliiunda mwenyewe, sivyo? Ungeileta yote tuiangalie pamoja."

Hayo maneno, "uliiunda mwenyewe," ndiyo yaliyoniwasha. Hakuyasema kwa dharau. Mimi niliyasikia kwa dharau.

"Unasema mimi sijui ninachofanya?"

"Sijasema hivyo."

"Umetoa memori kwenye mashine kuukuu ukanipakia kwenye boksi jipya. Huo ni wizi. Wewe ni mwizi, na unajua."

Mama wa nakala aliacha kuhesabu karatasi zake. Bodaboda aliyekuwa ameegesha nje aliinama kuchungulia ndani. Mji wa mpakani una masikio mepesi kwa neno hilo. Mimi ni mtoto wa Busia, nimeona linavyoweza kukusanya watu kabla mtu hajamaliza kulitamka. Yeye pia aliwaona. Hakupandisha sauti. Alivuta boksi jipya kutoka rafuni, akalichana utepe mbele ya macho ya kila mtu, akanipa.

"Chukua hii, dada. Nenda salama."

Nikaichukua. Sikusema asante. Nilipofika karibu na wabadilishaji fedha wa upande wa Uganda nikasimama pembeni, nikampigia simu mkuu wangu wa shule. Nilimwambia kompyuta za shule zisinunuliwe kwa mtu yule. "Si mwaminifu," nikasema. "Mimi mwenyewe nimehakikisha." Mkuu akasema asante kwa kutuokoa.

Memori mpya ilidumu hadi kesho yake asubuhi. Nilikuwa naandika swali la tatu la mtihani, skrini ikawa nyeusi. Nilihisi joto likinipanda shingoni hadi masikioni, ingawa chumbani hamkuwa na mtu wa kuniona ila mama, na yeye haoni vizuri. Sikuandika chochote kwenye daftari. Niliifunika mashine kwa kitambaa cha meza, nikawaambia watu ninasubiri kipuri kutoka Kampala. Jioni nilijaribu kujishawishi kwamba basi mazabodi nayo ni mbovu, nayo aliniuzia yeye. Nilikaribia kuamini.

Wiki ikapita. Siku moja niliacha simu yangu ikichaji sebuleni, ikaita, mume wangu akaipokea. Alikuwa mwenye duka, anauliza mashine inaendeleaje.

"Bado inakufa, ndugu yangu," nilimsikia mume wangu akisema. "Njoo utusaidie. Mwalimu ameshindwa."

Alikuja Jumatano mchana. Alikuwa amemletea mteja printa hapo mjini Tororo, akasema ameona apite. Mume wangu alikuwa hajaenda zamu yake. Mwenye duka alivua viatu mlangoni, akamsalimia mama mkwe kwa kuinama na kumuuliza habari ya jicho, kisha akaniomba daftari. Mume wangu alikuwa amemwambia kwamba ninalo. Sikuweza kumtazama usoni. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa.

"Umefanya kazi kubwa," alisema, na hakuwa ananikejeli. "Lakini hujaandika chumbani kulikuwa kunatokea nini."

"Chumbani?"

"Nani alikuwepo. Nini kilisogea. Umeandika ya ndani ya mashine tu."

Aliyejibu ni mama mkwe, kutoka kwenye kiti chake.

"Mimi nilisema zamani. Mlango."

Mwenye duka akamgeukia. "Mlango umefanyaje, mama?"

"Si kila mara mlango nagonga, kitu nakufa. Hapana. Lakini kila mara kitu nakufa, mlango imegonga kwanza. Mimi nakaa hapa, nasikia."

Nimefundisha miaka yote hiyo na sijawahi kulisikia tokeo la jaribio likielezwa vizuri namna ile. Mwenye duka alinyanyuka, akaiwasha mashine, akangoja itulie. Kisha akaenda mlangoni, akaufungua, akauvuta kwa nguvu. Vikombe vikalia. Skrini ikabaki na mwanga wake. Akauvuta mara ya pili. Skrini ikawa nyeusi.

Akangoja ijiwashe na itulie. Akarudia, na mara ya nne ikafa tena. Mume wangu alimtazama mama yake, halafu akatazama sakafu.

Mwenye duka aliilaza mashine ubavu, akaifungua, akaanza kutoa skrubu za mazabodi moja baada ya nyingine. Ndani ya kasha la kompyuta kuna vijiguu vifupi vya shaba ambavyo mazabodi hulalia, ili mgongo wake usiguse bati. Kila kijiguu hukaa chini ya tundu la skrubu. Mazabodi yangu ilikuwa fupi kuliko nafasi ya kasha, kwa hiyo kijiguu kimoja hakikuwa na tundu lake. Kilipaswa kutolewa. Kilikuwa kimesimama peke yake katikati, unywele mmoja tu kutoka kwenye tone la risasi ya kulehemu mgongoni mwa mazabodi. Nyumba ikitikisika, kinagusa. Kikigusa, shoti. Mchubuko wake ulionekana wazi, alama ndogo inayong'aa.

Laiti ningeweza kusema sikukiona. Nilikiona ile Jumamosi asubuhi. Nilikishika kwa kidole, nikaona hakina tundu juu yake, na video ilikuwa imeshasonga mbele. Nikajiambia, kiache, kitasaidia kuubeba ubao.

Alikifungua kwa koleo. Alinitazama mara moja, kwa muda mfupi sana, akakifumbata kiganjani.

"Ni nini?" mume wangu akauliza.

"Makasha haya huja na vitu vya ziada kutoka kiwandani," akajibu. "Mtu yeyote angepitwa."

Alinisitiri. Mtu niliyemwita mwizi mbele ya wateja wake alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu yangu, ananisitiri mbele ya mume wangu. Nafasi ilikuwa wazi ya kusema, hapana, nilikiona, ni mimi. Nikaenda jikoni kupika chai.

Tulikunywa chai na karanga. Mashine ilikuwa inawaka mezani, na mume wangu aliugonga mlango mara kadhaa kwa furaha, akicheka peke yake. Mwenye duka alikataa hata nauli.

"Na ule mpango wa shule?" aliniuliza, akiipuliza chai yake. "Mkuu bado anafikiria?"

"Bado," nikasema. "Nitamkumbusha."

Akatikisa kichwa taratibu, akatazama ndani ya kikombe. Baada ya hapo hakukaa sana.

Kwa siku mbili sikuigusa ile kompyuta. Siku ya tatu nilikwenda shuleni. Mkuu, mama asiyependa maneno mengi, alikuwa ofisini akitia sahihi barua. Nilimwambia nilikosea kuhusu yule mwenye duka, kwamba kosa lilikuwa langu, na kwamba ningeomba shule imfikirie tena.

Aliweka kalamu chini. "Tumeshaagiza Mbale. Zinakuja wiki ijayo."

"Hakuna namna?"

"Mwalimu, wewe ndiye uliyenipigia simu. Nami siku ileile nikampigia yeye kumwambia asitusubiri."

"Ulimwambia nini?"

"Ukweli. Kwamba mwalimu wangu wa fizikia amehakikisha kuwa si mwaminifu." Akanitazama juu ya miwani. "Ulitaka nimfiche?"

Kwa hiyo alijua. Alijua alipopiga simu kuuliza mashine inaendeleaje. Alijua alipovua viatu mlangoni kwangu, alipolisoma daftari langu, alipokifumbata kile kijiguu. Na aliponiuliza habari ya shule alikuwa anajua jibu, nami nikamdanganya usoni huku anakunywa chai yangu.

Nilikwenda Busia Jumamosi iliyofuata. Nilisimama upande wa pili wa barabara kwa muda mrefu, nikingoja duka liwe na watu, maana neno lile sikulisema faraghani. Walipofika watu wanne nikavuka. Nilimsalimia. Kisha nikageuka, nikawaambia wale watu, bila kujua hata ni akina nani, kwamba majuma machache yaliyopita nilisimama pale nikamwita mtu huyu mwizi, kwamba nilikuwa mwongo, na kwamba kitu alichoniuzia kilikuwa kizima. Aliyeharibu ni mimi.

Wale watu walitazamana. Kijana mmoja mwenye kofia alitabasamu kama mtu anayeona kichekesho. Hakuna kati yao aliyekuwepo siku ile ya kwanza.

"Dada, yatosha," mwenye duka akasema kwa sauti ya chini. "Yatosha."

Alinipeleka nyuma, kwenye chumba anakohifadhia maboksi. Hakunikaribisha kuketi.

"Nilikuuliza kule kwako," akasema. "Nilikuuliza ili useme."

"Najua. Sasa najua."

"Ungesema tu. Ningesema hakuna neno, tukamaliza chai."

Nilianza kulia. Akageuka akawa anapanga maboksi ambayo yalikuwa yamepangwa tayari.

"Nimekusamehe," akasema akiwa amenipa mgongo. "Hilo lisikusumbue. Lakini yule wakala mwenye miwani alikuwa analeta karatasi zake hapa kila siku. Tangu siku ile hajarudi. Mimi nifanye nini? Nimfuate nimwambie mimi si mwizi?"

Nikasema nitamfuata mimi. Akasema nisijisumbue. Nilimfuata. Niliulizia kwenye ofisi za mawakala hadi nikampata amekaa nje anakula muhogo wa kuchoma. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama juani. Alinisikiliza, akapangusa vidole.

"Ah, mama, mimi nilihamia duka la jirani kwa sababu liko karibu na ofisi," akasema. "Hayo mambo yenu sikuyasikia hata."

Sijui kama alisema kweli, au naye alinionea haya. Nilirudi mpakani nikiwa sina la kufanya zaidi.

Mwenye duka bado tunasalimiana. Ananiuliza habari ya jicho la mama mkwe, ananiuliza habari ya kazi. Ananiita madam. Mwaka uliofuata shule ilihitaji printa, mkuu akamtuma mwalimu mwingine akanunue kwake, wala mimi sikuulizwa. Nilifurahi, nikaumia, vyote pamoja.

Mume wangu nilimwambia yote jioni ileile niliyotoka Busia. Akaniuliza, "Mama umemwambia?"

Mama alikuwa amesharudi kwake Sop Sop, bandeji imetolewa. Nilikwenda mwisho wa wiki. Nilimkuta uani anamenya karanga za mbegu, nikakaa chini kando yake, nikavuta ungo, nikaanza kumenya naye. Nilikuwa nimejifunza maneno ya kuomba msamaha kwa Dhopadhola, lakini nilipoyatoa yalitoka vibaya hadi akaacha kazi kunisikiliza. Nikarudia kwa Kiswahili. Nikamwambia alisema kweli kuhusu mlango, nami nilimjibu kama mtu asiye na akili, na kama ningemsikiliza siku ile nisingemkosea mtu Busia, wala nisingekuwa na habari hii.

Alinitazama kwa jicho lile lililotibiwa. Lilikuwa safi sana, na nilitamani asinitazame.

"Wewe nilisamehe siku hiyohiyo," akasema. "Wewe ulikuwa na moto na mashine yako. Mtu mwenye moto nasema maneno. Mimi nilikasirikia mwingine."

"Nani, mama?"

"Yule alicheka." Akavunja ganda la karanga kwa kidole gumba. "Mimi nilizaa yule. Nilikaa na jicho imefungwa, nasikia mtoto wangu nacheka mimi na chakula kwa mdomo."

Mimi ndiye niliyemchekesha. Tulimenya hadi ungo ukajaa, na nilipoinuka kuondoka akanifungia karanga kwenye kitenge nimpelekee mwanawe, akanituma nimwambie aje mwenyewe, asipige simu.

Nilimpa ujumbe ule mume wangu, nikamwambia na sababu yake. Alikwenda Jumapili asubuhi, akarudi jua likizama, macho yamevimba. Hakunisimulia walichozungumza, nami sikuuliza.